Mama Sijui — Sehemu ya Tisa: Neno Kwenye Kiganja

Mlango ulifunguliwa bila hodi.

Hapo ndipo tulipoachana, wewe na mimi. Na kama gazeti la wiki iliyopita lilikwenda kufungia sabuni kabla hujalimaliza, usijali, nitakushika mkono tuingie wote. Jaji mstaafu, mzee ambaye tangu apigwe na kiharusi nyumba nzima inaamini akili zimemtoka, alikuwa kitandani anacheka. Anacheka kweli, bega linatikisika. Mbele yake ubao wa drafti. Ng'ambo ya ubao, kwenye kiti cha wageni, amekaa mpiga pasi wa nyumba ile, mwanamke waliyempa jina la Mama Sijui kwa sababu kila anachoulizwa hujibu neno hilo hilo. Na mlangoni, mkono ungali kwenye kitasa, Madamu, mke wa mtoto wa pekee wa Jaji.

"Nani alikuwa anacheka humu?"

"Sijui, mama."

"Hujui kama umecheka?"

"Labda nimecheka mimi, mama."

Mama Sijui alimtupia Jaji jicho la wizi. Jaji hakuwepo. Yule mzee aliyekuwa amemla kete sasa hivi na kumcheka alikuwa ametoweka kama taa iliyozimwa. Taya limelegea, udenda unashuka, jicho linatazama dari kama jicho la samaki sokoni. Kumbe na mzee naye ana sijui yake!

"Na huo ubao?"

"Nimeukuta stoo, mama."

"Unacheza na nani?"

"Peke yangu, mama. Mkono wa kulia unacheza na wa kushoto."

"Na nani anashinda?"

"Mpaka sasa nimefungwa, mama."

Madamu alicheka hadi akashika ukuta. Kisha kicheko kikakatika kama kilivyoanza. Akaja, akapiga ubao kwa nyuma ya mkono, kete zikatawanyika chini ya kitanda.

"Ungekuwa na akili hata ya kuku ningekufukuza leo. Mjinga hafukuzwi, mjinga anaelekezwa. Okota, katupe jalalani. Na hicho kiti ulichokalia, kifute."

Mama Sijui alipiga magoti akaokota. Akakifuta kiti.

Sasa wewe usiyemjua utauliza: mwanamke mwenye kichwa chake anakubalije kuitwa mjinga? Zamani, akiwa binti mbichi katika nyumba ya kwanza aliyofanyia kazi, alimsahihisha bwana mwenye nyumba jina la mji mkuu wa nchi fulani, mbele ya wageni. Wageni walicheka. Kesho yake alikuwa barabarani na furushi lake. Hapo ndipo alipojifunza kwamba mtumishi mvivu huonywa, na mwizi huweza kusamehewa, lakini mtumishi mwenye akili huogopwa, na anayeogopwa hakai. Akajishonea vazi la sijui. Akalivaa mpaka likawa ngozi.

Jaji ndiye aliyelichana, tena bila kukusudia.

Meza ya kupigia pasi ilikuwa imewekwa chumbani kwake kwa sababu kina mwanga, na kwa sababu, kama Madamu alivyosema, mzee hana habari. Mama Sijui alikuwa akipiga pasi huku anasikiliza redio na kuibishia. Siku moja redio ikatangaza kesi ya mpangaji na mwenye nyumba. Mama Sijui akaiambia pasi yake, "Hukumu mbovu. Hakimu kasikiliza viatu, hakusikiliza watu."

Kitandani kukatoka kicheko.

Alikaribia kuangusha pasi. Mkono wa kushoto wa mzee, mkono pekee uliobaki hai, ukamwita. Aliposogea, ule mkono ukakifungua kiganja cha Mama Sijui, na kidole kikaandika juu yake herufi moja moja: W-E-W-E N-A-N-I.

Tangu hapo walikuwa wawili. Walibishana kuhusu kesi, kuhusu vita vya nchi za mbali, kuhusu kama binadamu huzaliwa na haya au hufundishwa. Mama Sijui alimsomea mzee vitabu vyake mwenyewe, vile ambavyo mwanawe alivipanga kwa rangi ili vipendeze sebuleni. Siku moja alimwambia kwamba hukumu yake moja ya zamani, iliyowahi kumpa sifa nchi nzima, ilimwonea mtu. Mzee alikaa kimya mchana kutwa. Jioni akaandika: KWELI. Mama Sijui alirudi kwao akiwa amesahau miguu inauma. Hakuwahi kuwa na rafiki wa kumbishia.

Haya, turudi.

Jikoni Mpishi alikuwa anamenya vitunguu huku machozi yanamtoka bila huzuni yoyote.

"Dada, kesho vaa gauni la maana. Kuna mgeni."

"Mgeni gani?"

"Daktari wa akili. Anakuja kumpima mzee. Mzee akifeli, mwanawe, Bosi, anakabidhiwa kila kitu. Nyumba inauzwa, mzee anapelekwa kule kwa wazee wasio na watu."

"Na sisi?"

"Sisi?" Mpishi alimtazama kwa huruma. "Kuku akiuzwa, utitiri huulizwa?"

Mama Sijui alichukua foronya safi hata kabla hajaambiwa, akapanda ngazi. Akamwinua mzee kichwa, akamnong'oneza yote huku anabadilisha mto. Kisha akamtegea kiganja.

NAJUA, kiliandika kidole.

"Unajua? Basi kesho mwonyeshe daktari. Inua mkono, andika, mtukane ukipenda. Ajue umo ndani."

Kidole kiligusa kiganja, kikaondoka, kikarudi. Kisha: AIBU.

"Aibu ya nini, Jaji?"

Sasa kidole kiliandika polepole, kinapumzika kila baada ya neno. KUAMBIWA BANA MKONO KAMA MTOTO. MBELE YA MWANANGU.

Mama Sijui alipandwa na hasira. Mtu anakaribia kuzikwa na roho yake, anahofia kuonekana na udenda! "Basi nitasema mimi."

USISEME.

"Kwa nini?"

Mkono uliondoka. Ukaingia chini ya shuka kama mjusi, haukutoka tena.

Ananilinda, alijiambia Mama Sijui akishuka ngazi. Anajua nikisema wataniangamiza. Ndivyo alivyojiambia. Moyo ukishapenda, mwenzangu, hujitafsiria wenyewe, na tafsiri yake siku zote huwa tamu.

*

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyoshuka puani na sauti isiyo na haraka. Alikaa kitandani pembeni ya Jaji. Bosi, mtoto wa mzee, alisimama dirishani amefunga mikono kifuani. Madamu alikuwa karibu na kabati. Mama Sijui aliambiwa asimame kwenye kona na shuka safi mikononi, mzee asije akajichafua mbele ya mgeni.

"Mzee, unanisikia? Kama unanisikia, nibane mkono."

Hakuna.

"Nifuate kidole changu kwa macho."

Jicho la samaki, darini.

"Mzee, huyu aliyesimama dirishani ni nani?"

Hakuna. Udenda ulishuka hadi kwenye kola ambayo Mama Sijui mwenyewe alikuwa ameinyoosha asubuhi.

Daktari aliuliza tena, akabadilisha, akagusa goti, akamulika jicho. Kisha akavua miwani. "Nasikitika," alimwambia Bosi. Bosi alishusha pumzi kama mtu aliyevua kiatu kinachombana. Madamu tayari alikuwa anatazama mapazia, bila shaka anawaza kama yatatosha kwenye madirisha ya nyumba mpya.

"Anasikia."

Wote waligeuka. Walitazama mlango, wakatazama dirisha. Mwisho, kwa kukosa pengine pa kutazama, wakatazama kona.

"Nani kasema?" aliuliza Bosi.

"Mimi. Anasikia, anaelewa, na anakumbuka. Mkono wake wa kushoto unaandika. Hajibu kwa sababu anaona haya kupimwa kama mtoto mbele ya mtoto wake. Daktari, huyu mzee hajaondoka. Amejifungia tu, kwa ndani."

Hata sauti haikuwa ile ya kila siku. Ilikuwa imenyooka, haina kigugumizi, haina neno mama mwishoni.

"Umejuaje haya?" aliuliza Daktari.

"Tunazungumza. Ananiandikia kiganjani, namjibu kwa mdomo. Tunacheza drafti, ananifunga. Nikimsomea nikaruka ukurasa kwa uchovu, ananirudisha."

"Umesoma wapi, mama?"

"Nilisoma mpaka baba alipofariki. Baada ya hapo nimesoma nilichokikuta."

"Kama nini?"

"Magazeti ya kufungia vitu. Vitabu vya mzee, nikivifuta vumbi."

Daktari alitabasamu kidogo, na lile tabasamu ndilo lililomponza Mama Sijui. Alidhani ameeleweka. Akaendelea kusema, vizuri zaidi, kwa mpangilio, kama mtu aliyefungwa mdomo tangu usichana na leo kamba imekatika. Hakuona kwamba kila neno zuri lililomtoka lilikuwa linapigiliwa kama msumari kwenye jeneza lake.

"Subiri," alisema Madamu. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Miaka yote hii. Sijui mama, sijui mama. Mimi nazungumza na simu mbele yako. Naongea mambo ya... mambo yangu. Na wewe unapiga pasi."

"Sikuwahi kumwambia mtu, mama."

"Ulikuwa unatucheka!"

"Sikuwacheka."

Bosi alikuwa mwerevu kuliko mkewe. Hakupiga kelele. Alitoka dirishani, akaja katikati ya chumba, akasema na Daktari peke yake, kwa upole kabisa.

"Daktari, jiulize jambo moja. Mtu mwenye akili kama hizi anajifanya zuzu kwa nini? Anaficha nini? Na kwa nini ajifungie chumbani na mgonjwa tajiri asiyeweza kusema?"

"Sikujifungia," alisema Mama Sijui.

"Mwite Mpishi," alisema Bosi.

Mpishi alikuja na aproni, anajifuta mikono. Huyu, msomaji, hajui kusoma. Ujumbe wa simu kutoka kwa wanawe ni Mama Sijui aliyekuwa akimsomea kwa siri, nyuma ya jiko, na Mpishi alimwapia kwa Mungu kwamba hatamwambia mtu.

"Umewahi kumwona huyu akisoma?"

Mpishi aliangalia sakafu. "Mimi sina neno na mtu, Bosi."

"Nimekuuliza."

"Anasoma. Anasoma vizuri sana."

"Na mlango wa mzee?"

"Huwa... huwa unafungwa."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani anapiga pasi."

Akatoka kinyumenyume. Hakumtazama usoni yule aliyekuwa akimwita dada, wala hakufunga mlango.

"Umeona, Daktari," alisema Bosi. "Anamtengeneza mzee. Leo drafti, kesho mzee anaandika kwamba nyumba ni ya mpiga pasi."

Mama Sijui alitazama huku na huku. Alipokuwa kimya alikuwa mjinga. Alipofungua mdomo akawa tapeli. Katikati ya hayo mawili hapakuwa na mahali ambapo mtu wa aina yake angeweza kusimama.

Daktari alivaa tena miwani. "Mnabishana bure. Mwenyewe yupo, tumuulize." Akainama karibu kabisa na sikio la mzee. "Jaji. Sikuulizi siku wala mwaka. Hapa kuna kesi, na shahidi ni wewe. Kama unanisikia, inua mkono."

Bomba la maji lilisikika likilia huko chini.

Mkono wa kushoto uliinuka.

Madamu alitoa sauti kama ya paka aliyekanyagwa. "Ni misuli tu," alisema Bosi haraka, "misuli inashtuka."

"Inua tena, Jaji. Ushushe. Inua."

Ukainuka, ukashuka, ukainuka. Na lile jicho likashuka kutoka darini, likamtazama mtoto wake. Lilikuwa jicho la mahakamani. Bosi alirudi nyuma hatua moja, kama alivyokuwa akirudi utotoni.

Mama Sijui alikuwa analia, ameyabana mashuka kifuani. Yametimia! Ametoka! Hata wakinifukuza, ametoka!

Daktari alifungua kiganja chake, akakiweka chini ya kidole cha mzee. "Mama huyu anasema unaandika. Basi niandikie. Huyu ni nani kwako?"

Kidole kilisita. Jaji alimtazama mwanawe, akamtazama mkamwana wake. Akamtazama Daktari, mwanamke msomi mwenye saa nzuri mkononi. Mama Sijui hakumtazama.

Kidole kilianza. Daktari alizisoma herufi kwa sauti.

"M. T. U." Akangoja. Kidole kilikuwa kimetulia. "Mtu?"

Mtu! Mama Sijui alifumba macho. Hakuwa ametegemea rafiki. Rafiki ni neno kubwa, lina gharama. Lakini mtu! Tangu aanze kufua na kunyoosha nguo za watu hakuna aliyemwandika hivyo. Lingemtosha. Angekwenda nalo kaburini akiwa ameshiba.

"Ah, bado," alisema Daktari. "Anaendelea. M. I. S..."

Zilizobaki Mama Sijui hakuhitaji kusomewa.

"Mtumishi," alisema Daktari.

Kisha mkono wa kushoto uliinuka mara nyingine, bila kuombwa. Kidole kikanyooka. Kikaonyesha mlango.

*

Aliweka mashuka juu ya kiti cha wageni. Aliyaweka vizuri, pembe juu ya pembe, mikono ilijua kazi yake hata kama kichwa kilikuwa kimekwenda. Akiwa mlangoni aligeuka. Jaji alikuwa ameelekeza uso ukutani. Kama alikuwa analia, aliulilia ukuta.

"Mzee ana akili timamu," Daktari alikuwa anamwambia Bosi. "Ila jambo hili ni zito, nitarudi na mwenzangu tumpime tena pamoja."

Chini, Madamu alimwahi getini. "Fungua mfuko."

Akaufungua. Kulikuwa na kanga ya kazini, kitambaa cha kichwa na gazeti kuukuu. Madamu alilikunjua gazeti ukurasa kwa ukurasa kama anayetafuta dhahabu. Alipokosa kitu, akalirudisha.

"Nilikuwa nakuhurumia," alisema. "Kumbe nilikuwa nakuhurumia bure."

Kwa Mama Sijui ni chumba kimoja, pazia katikati. Upande wa huku kitanda, upande wa kule cherehani ya binti yake, fundi anayeshonea majirani. Binti alisikia mambo yote bila kuondoa mguu kwenye kanyagio. Alipofika mwisho wa mshono akakata uzi kwa meno.

"Kwa hiyo aliandika mtumishi."

"Mtumishi."

"Si ndiyo kazi uliyokuwa unafanya pale?"

"Ndiyo."

"Basi hakukosea, mama."

"Hakukosea," alisema Mama Sijui. "Ndiyo maana inauma."

Binti aliacha nguo. "Nilikwambia. Hawa watu mkiwa wawili mlango umefungwa ni ndugu, mkitoka nje hawakuoni. Wewe ulidhani akili itakupandisha ngazi. Akili yako, mama, ni kama kiatu kimoja. Kizuri, lakini utakwenda nacho wapi?"

Mama Sijui alijilaza akitazama bati. Alijaribu kumtetea. Labda mzee alitaka kunisafisha, wasiseme namtawala. Labda kama angeandika rafiki, mwanawe angepata ushahidi kwamba kweli nimemteka. Zilikuwa hoja nzuri, angeweza kuzisimamia popote. Lakini kila alipozifikisha mwisho aliliona lile jicho likimzunguka kila mtu chumbani na kumruka yeye, na hoja zikaanguka. Mtu anayekulinda hukutazama, hata kwa kope. Yule aliona haya. Alimwonea haya yeye, kama alivyouonea haya udenda wake.

Kilichomchoma zaidi kilikuwa hiki: neno la kwanza Jaji alilowapa watu baada ya kimya kile chote, yeye ndiye aliyemfungulia mlango wa kulisema.

Asubuhi alifua shuka zake mwenyewe, akazianika. Hakuwa na pa kwenda. Alikuwa anapekua gazeti lile kuukuu bila kusoma mstari hata mmoja, cherehani inalia kule nyuma ya pazia, aliposikia sauti nje.

"Hodi humu."

Sauti ya mwanamume, tena aliyezoea kuitikiwa haraka.

Alifungua. Mbele yake, ameinama ili kichwa kisigonge kizingiti, viatu vimejaa matope, alikuwa Bosi.

"Shikamoo, mama."

Mama Sijui alisahau kuitikia. Miaka yote katika nyumba ile, hakuwahi kuisikia kwake.

"Gari haipiti huku," alisema Bosi, akijaribu kucheka. "Nimekuja kwa miguu. Nina maneno mawili tu."

"Sema."

"Madaktari wanarudi kesho. Baba tangu jana hataki kunisikiliza, ameandika kwenye mkono wa mke wangu kwamba tuhame. Tuhame! Nyumba niliyozaliwa!" Alijifuta jasho. "Yule Daktari haniamini mimi. Hamwamini mke wangu. Anakuamini wewe. Unajua alisema nini anatoka? Alisema, mtu mwenye akili kuliko wote mle ndani ndiye mliyemfukuza."

Mama Sijui alishika mlango. Basi kuna mtu alikuwa amesema. Lilikuwa limesemwa, kwa mdomo, mbele ya watu, na aliyemletea ni huyu.

"Unataka nini kwangu?"

"Useme kweli ya aina nyingine." Alishusha sauti. "Useme ulimzoesha. Herufi chache tu, kama mtu anavyomzoesha kasuku. Ukimgusa hapa anaandika hivi, ukimgusa pale anaandika vile. Mkono unakumbuka, kichwa hakimo. Ulikuwa na huruma, ukajidanganya mwenyewe. Nani atakulaumu? Wewe ukisema, kwa ile sauti yako, Daktari ataandika hivyo hivyo."

"Na mzee?"

"Mzee atatunzwa. Kuna mahali pazuri." Hakumtazama aliposema pazuri. "Binti yako nitamfungulia duka la kushonea, barabarani kabisa, lenye kioo mbele."

Nyuma ya pazia cherehani ilinyamaza.

"Alikukana, mama," alisema Bosi taratibu, na sasa sauti yake ilikuwa karibu ya kirafiki. "Ulimtoa kaburini, akakuonyesha mlango. Mimi sijakukana. Mimi nimekuja mwenyewe, nimepiga hodi kwako."

Mama Sijui alimtazama. Alikuwa na paji la uso la baba yake, lile lile, pana, lenye mkunjo mmoja katikati. Ndani ya kifua cha Mama Sijui kitu kilikuwa kimesimama ambacho hakuwahi kukutana nacho. Hakikuwa hasira. Hasira ina moto, na hiki kilikuwa baridi kama pasi ya juzi.

Alifungua mlango wote. Bosi akainama, akaingia, pazia likasogea na jicho la binti likaonekana penye upenyo.

"Hayo uliyosema," alisema Mama Sijui, akifunga mlango nyuma ya mgeni wake, "yaseme tena kuanzia mwanzo. Taratibu, neno kwa neno, kama unavyotaka daktari ayasikie."

"Yote?"

"Yote. Mimi nikishasikia kitu, hakitoki."